Niuzoeze mwili wangu sukari, au niuache uikatae?

Mpendwa Daktari wa safu hii, pamoja na ndugu wasomaji,

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Naandika kwa sababu swali langu limejibiwa na watu wengi, kila mmoja na lake, mpaka sasa nakaa mezani kwa hofu. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi, ambao tumbo hutengwa kikabaki kifuko kidogo juu, kisha utumbo mwembamba ukaunganishwa na kifuko hicho. Uzito umeshuka, presha imetulia, na magoti hayaniumi tena kama zamani. Kwa hayo namshukuru Mungu na waliokuwa chumba cha upasuaji. Kinachonisumbua ni sukari.

Kabla ya upasuaji mtaalamu wa lishe alinieleza habari ya dampingi. Alisema tumbo la kawaida huachilia chakula kidogo kidogo kupitia mlango wake wa chini, lakini kwetu sisi chakula hakipiti tena mlango huo, hivyo kitu chenye sukari nyingi huingia kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo. Utumbo nao huvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua sukari hiyo, na hapo ndipo mateso yanapoanza. Nimeyaonja. Nikinywa juisi, nusu saa haijaisha tumbo linasokota, uso unawaka moto, moyo unadunda hadi nausikia masikioni. Nakimbilia chooni, na nikitoka huko sina nguvu ya jambo lolote ila kujilaza.

Huyo mtaalamu aliniambia nisiichukie dampingi, niione kama mlinzi wa mlangoni anayenizuia kurudia vyakula vilivyoninenepesha. Nilimwelewa. Lakini mlinzi huyu hana msimamo. Nikila samaki au yai kwanza, halafu nikamalizia na kipande cha tunda, nakaa salama kabisa. Tunda lilelile nikilila peke yake asubuhi, sina raha. Mtindi wenye ladha siku nyingine unapita, siku nyingine unanilaza kitandani. Najua mafuta na protini hupunguza kasi ya chakula kuingia utumboni, na najua si kila aliyefanyiwa upasuaji huu hupata dampingi. Hata hivyo bado sijui mpaka wangu uko wapi.

Sasa sikilizeni mkanganyiko. Kuna dada mmoja tuliyefanyiwa upasuaji wa aina moja. Yeye anakula keki na hapati kitu. Ananiambia nianze na vijiko viwili vitatu, niongeze polepole, mwili utazoea. Mwingine, aliyetutangulia kwa miaka kadhaa, alinishika mkono akaniambia, “Mdogo wangu, siku dampingi iliponiacha ndiyo siku uzito ulipoanza kurudi.” Wote wawili wanasema waliyoyaona katika miili yao, na sina sababu ya kumwita yeyote mwongo. Wala sikubaliani na wale wanaomcheka dada wa keki kwamba hana nidhamu. Mwili wake umejibu tofauti na wangu, basi.

Ningekuwa na hilo peke yake ningevumilia. Lakini miezi ya karibuni limezuka jingine ambalo linanitisha zaidi. Saa moja na nusu au mbili baada ya kula, wakati nimeshasahau hata nilichokula, jasho baridi linanitoka, mikono inatetemeka, napatwa na njaa isiyo ya kawaida, na akili inazubaa. Nasoma mstari mmoja mara tatu bila kuelewa. Nilipopima sukari nikakuta iko chini ya milimoli 3.0 kwa lita, wakati nimeambiwa ikishuka chini ya 3.9 tayari ni ya kushughulikiwa. Muuguzi alinieleza kwamba hii ni dampingi ya kuchelewa: sukari ikiingia kwa kasi, mwili hutoa insulini kupita kiasi, na insulini hiyo inaendelea kuishusha sukari hata pale isipohitajika tena.

Hapa ndipo ninapokwama. Sukari imeshuka, kwa hiyo lazima nitumie sukari. Nikiitumia nyingi inapanda ghafla, insulini inamwagika tena, na baada ya muda naanza upya. Nilielekezwa nitumie gramu 15 za glukosi, nisubiri dakika 15, nipime tena, halafu nile kitu chenye protini ili isishuke mara ya pili. Mara nyingi inasaidia. Mara nyingine jioni yote inaishia katika kupanda na kushuka. Nimeacha kuendesha gari baada ya kula, maana naogopa kuzubaa nikiwa nimewabeba watoto.

Msidhani nimekaa tu. Nakula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, protini kwanza. Sinywi kitu wakati wa kula. Nasubiri nusu saa ndipo ninywe maji. Nimejifunza kusoma maandishi madogo kwenye pakiti, kwa kuwa sukari imejificha chini ya majina mengi: sukrosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya mahindi. Hata dawa ya kikohozi ya maji nauliza kwanza ina nini. Vile vilivyoandikwa “havina sukari” navyo vina yao. Peremende zenye sorbitoli au maltitoli zilinijaza gesi na kuniharisha, nikadhani ni dampingi, kumbe vitamu hivyo huweza kumharisha mtu yeyote akivizidisha.

Nimeshapiga simu kliniki na nimepewa tarehe ya kuonana na daktari, ila nataka niende nikijua cha kuuliza. Je, kuna kiasi cha sukari kwa mlo mmoja ambacho mtu kama mimi anaweza kukitumia kama mpaka? Nimetajiwa gramu 10, nikatajiwa 15, na mwingine akasema 25. Je, kuuzoeza mwili sukari ni jambo linalowezekana kweli, au utumbo hubadilika wenyewe kwa wakati wake, utake usitake? Na kama inawezekana, ni busara kufanya hivyo kwa mtu ambaye sukari yake inashuka saa mbili baadaye? Nimesikia pia dawa iitwayo akabosi, ambayo huchelewesha wanga kuvunjwa utumboni. Wanaoitumia, inawasaidia? Na hali ikifika chini ya 3.0 na akili ikazubaa, nisubiri tarehe niliyopewa au nidai kuonwa mapema?

La mwisho ni la nyumbani. Mama mkwe ananipenda, na upendo wake uko kwenye sinia. Nikikataa kinywaji chake kitamu anainama kimya, anaamini namdharau. Mume wangu ananinong'oneza, “Onja tu, kidogo hakidhuru.” Nikionja, ni mimi ninayeumia chooni huku wao wakiendelea na mazungumzo. Sitaki kumweleza mama habari za kuhara mbele ya wageni, na sitaki kumwambia kila mara kwamba nimeshiba, kwa kuwa ameanza kutoamini. Aliyewahi kumweleza mkwewe jambo hili wakaelewana bila kuumizana, naomba aniandikie maneno aliyotumia.

Wenu,
Msomaji wa kila wiki