Mita tatu za kupita jeneza

Kimara, Dar es Salaam
14 Aprili

Rula, swahiba,

Salamu nyingi kutoka kwenye matope. Leo siku ya tatu mvua haijakata, maji yamefunga barabara pale Jangwani, na sisi wa Kimara tukitengwa na mjini huwa tunajifanya tumehuzunika kumbe roho kwatu. Nimechemsha chai, nimekaa kibarazani, na barua yako ya mwezi uliopita hatimaye inapata jibu. Usinune. Wewe mwenyewe ulikaa mwaka mzima kimya ulipopelekwa Mpanda.

Umeniuliza swali moja tu, ila la mtego: katika yote tuliyosoma ya mipangomiji pale chuoni Ardhi, kipi kimenifaa kazini? Halafu chini yake ukanieleza kwamba halmashauri imekukabidhi mchoro wa mji mdogo, umeshachora barabara zote, zimenyooka kama uzi wa mwashi, na sasa wenyeji "wanaleta ubishi". Nilicheka peke yangu. Jina la Rula hatukukupa bure.

Mimi siku hizi niko kwenye urasimishaji, mtaa mmoja wa bondeni nyuma ya Barabara ya Morogoro. Nyumba zipo, watu wapo, watoto wamezaliwa hapo na wameoa hapohapo. Kinachotakiwa ni mchoro wa mipangomiji juu ya kile ambacho kimeshajengwa, upitishwe, wapimaji waweke bikoni za mipaka, kila mwenye nyumba apate hati yake. Yaani tunatunga mtihani baada ya watu kupewa matokeo. Kabla yetu ilikuja kampuni nyingine, ikakusanya michango, ikapiga namba nyekundu ukutani, ikayeyuka. Wapo walioziona zile namba wakadhani ni X ya bomoabomoa, wakaanza kuhamisha mabati. Siku niliyofika na kizibao changu kinachong'aa, bibi mmoja alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Na nyie rangi yenu ni ipi?"

Unakumbuka karatasi zetu za darasani? Nyeupe pee. Mto kidogo, kilima kidogo, kisha wewe na penseli yako. Huku karatasi nyeupe haipo. Nilidhani nimeingia mahali pasipo na mpango, nikachelewa sana kuelewa kwamba mpango ulikuwepo, ila haukuandikwa. Eneo lote hili lilikuwa shamba la mikorosho la mzee mmoja, akaanza kukata vipande miaka ya 1980. Alipima kwa hatua zake mwenyewe, kwenye kona akapanda mnyaa, karatasi ya mauziano ikaandikwa mbele ya mashahidi. Na kila alipouza alisema: hapa katikati mtaachiana njia. Njia hiyo haimo kwenye karatasi hata moja, imo kichwani mwake. Baadaye mnunuzi akauza nusu, aliyenunua nusu akajenga choo, jirani akasogeza ukuta kwa kuwa mwenzake kasogeza, na njia ya mkokoteni ikawa njia ya mtu mmoja. Ukikutana na mwenye ndoo kichwani, mmoja wenu arudi kinyumenyume.

Kazi yangu basi ni kuitafuta ile njia ya mzee.

Tuliitisha mkutano chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa. Nilijieleza vizuri, nakwambia. Gari la zimamoto haliingii. Gari la maji taka haliingii, ndiyo maana mnawaita vyura waje kuzamia shimo usiku, na ndiyo maana mvua ikishuka kuna wanaotapisha vyoo, uchafu ukawateremkia walio chini. Hati itakupa mkopo benki. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakanywa soda, wakasaini daftari la mahudhurio. Kesho yake nilipotoa futikamba, hakuna aliyeachia hata shubiri. Kila mmoja alitaka barabara ipite, ila kwa jirani.

Mwezi wa pili akafariki mama mmoja wa nyumba za ndani kabisa. Alipokuwa mgonjwa walishamtoa kwa kiti cha plastiki, wanaume wanne, mpaka kwenye bajaji. Sasa ikawa zamu ya jeneza, nalo halikukata kona. Kati ya choo cha huyu na ukuta wa yule, watu wazima walibaki wamesimama na jeneza mabegani, mbele haliendi, nyuma haligeuki. Kulisimamisha wima hakuna aliyethubutu kutamka. Mwisho vijana wakapanda ukuta, likapitishwa juu, mkono kwa mkono, likashukia uani kwa jirani na kutokea mlango wake wa mbele, wafiwa wakifuata nyuma kupitia sebule ya watu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba kiatu cha mtu kilichochomoka, sijui hata cha nani.

Tanga lilipoanuliwa, mwenye ule ukuta, yuleyule aliyekuwa ameniambia nithubutu kukanyaga kwake nione, alinipigia simu. "Mtaalamu, njoo na kamba yako." Akaachia mita moja na nusu. Wa upande wa pili akaachia mita moja na nusu nyingine, choo kikahama. Wewe utasema mita tatu ni kichochoro. Sawa. Lakini bajaji inaingia, na gari dogo la kunyonya maji taka likijibana linaingia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Patrick Geddes. Yule Mskoti wa madevu, mwanabiolojia aliyejiingiza kwenye mambo ya miji, ambaye wewe na mimi tulimkariri kwa ajili ya mtihani tu: chunguza kwanza, changanua, ndipo upange. Kilichonirudia si hicho, ni safari zake za India, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka michache baadaye. Dawa ya watawala kwa mitaa iliyobanana ilikuwa moja, kupasua barabara pana katikati na kubomoa kilicho mbele. Yeye alitembea kwa miguu, uchochoro kwa uchochoro, akaonyesha kwamba ukiondoa nyumba mbovu moja hapa na ukuta mmoja pale, mtaa unapata pumzi na watu wengi hawahami. Aliuita upasuaji wa kuhifadhi. Na kule Indore inasimuliwa kwamba mtawala alimwachia utawala wa siku moja, naye akatangaza kuwa msafara wa Diwali hautafuata njia yake ya zamani, utapita kwenye mitaa ambayo watu wamesafisha na kukarabati nyumba zao zaidi ya wengine. Mji mzima ukashika mafagio.

Tulipolisikia hilo darasani tuliona ni hadithi ya kuchangamsha wanafunzi baada ya chakula cha mchana. Sasa namwelewa. Mtu haachii ardhi yake kwa ajili ya barabara, anaiachia kwa ajili ya kitu anachokiheshimu kitakachopita hapo. Wao walikuwa na Diwali, sisi tuna misiba. Tangu siku ile sitaji tena zimamoto kwenye mikutano. Nauliza tu: mara ya mwisho mlipotoa jeneza huku ndani, lilipita wapi? Halafu nanyamaza.

Ila usinione mjanja. Mambo mawili yalinishinda, na moja bado linaniuma.

La kwanza ni fidia. Kwenye urasimishaji anayepisha njia anapisha bure. Huyu wa ukutani amepoteza ardhi na tofali zake, walio nyuma yake wameamka wana barabara na bei za nyumba zao zimepanda wakiwa wamelala. Vitabu vina majibu marefu juu ya thamani inayotokana na kazi ya umma, nani aivune na kwa kodi gani. Watu wa mtaa walikaa bila mimi, jioni mbili. Nyumba tisa za ndani zikachanga saruji na matofali, ukuta ukajengwa upya, choo kipya kikachimbwa. Hesabu hiyo ningeishika mimi ningemleta mthamini, na mpaka leo tungekuwa baraza la ardhi.

La pili ndilo linaloniuma. Pale kwenye kona, palipokuwa na upenyo kidogo, kuna mama anakaanga mihogo jioni. Ni mpangaji. Mtaa huu umejaa wapangaji, nyumba moja ya vyumba sita unakuta familia sita, kila moja na mlango wake kwenye korido. Kwenye mkutano waliitwa "wenye nyumba", basi. Nilichora njia, nikapitisha mstari juu ya meza ya yule mama, na hakuna aliyenikatalia kwa sababu aliyepaswa kukataa hakualikwa. Unamkumbuka Sherry Arnstein, yule Mmarekani, na ngazi yake ya ushiriki wa wananchi ya mwaka 1969, vipandio 8, cha chini kabisa wananchi wanachezewa akili, cha juu kabisa wanashika usukani wenyewe? Mkutano wetu wa soda mimi nauweka kipandio cha 3, kupashana habari, ingawa lile daftari la mahudhurio lilitudanganya kwamba tumefika cha 6, ubia. Ngazi yake nzuri. Lakini mama wa mihogo hakuwa kwenye kipandio chochote. Alikuwa chini, amekaa kwenye kigoda, anamenya.

Sasa nisije nikakufanya utupe rula. Shuka Kariakoo siku moja ukiwa likizo. Mistari ile ilinyooshwa na Wajerumani, na nia yao haikuwa njema: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika huku, na baadaye, chini ya Waingereza, uwazi wa Mnazi Mmoja ukakaa katikati kama ukuta usio na tofali. Lakini tazama leo. Nyumba za udongo na makuti zilipisha nyumba za vyumba sita, vyumba sita vikawapisha maghorofa ya kumi na zaidi, na mitaa ni ileile. Msongamano unatia wazimu, ila jeneza linapita. Iliyochorwa kabla ya kujengwa imevumilia kila aliyekuja kujenga.

Sinza na Kijitonyama vilevile. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja, ikatoa barabara na maji, ikamwachia kila mtu ajenge kwa uwezo wake. Manzese, iliyokuwa imeshajengeka, haikubomolewa, ikaboreshwa ilivyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko mipango kabambe yote mitatu ya Dar es Salaam tuliyoichambua, ule wa 1949 wa Waingereza na ile miwili ya kampuni za Kanada, 1968 na 1979. Wa mwisho ulikuwa wa miaka 20, muda ukaisha, na mji haukusubiri mwingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka 10, kaka, na wengi wao hawakupitia kaunta ya ofisi ya mipangomiji. Walipitia kwa dalali na mjumbe.

Kwa hiyo huko kwako, ambako bado kuna mashamba, una bahati ambayo mimi sina. Chora barabara kubwa chache tu, pana kweli, na maji ya mvua yapate njia yake. Hizo nyoosha utakavyo, ziwekee bikoni kabla shamba halijauzwa, tena bikoni za zege zinazoonekana, si kigingi ambacho mtoto atakifanyia mchezo. Ndani ya hapo punguza ubabe. Acha michirizi ya wenyeji ipite inapopita, njia ya kisimani, njia ya msikitini, njia ya ng'ombe. Na hao "wanaoleta ubishi", umewauliza wanabishia mstari upi? Naapa ni mmoja au miwili tu, na huenda hapo chini kuna kaburi.

Umeuliza pia habari za yule mwenzetu aliyeapa ataujenga mji mpya wa Kigamboni. Yupo, ananenepa, anauza viwanja Kibaha. Mji ulitangazwa 2008, wenye nyumba wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri, na ule mji wa kwenye picha haujaonekana. Yeye hapendi kulizungumzia, nami simchokozi.

Mvua inapungua, nasikia pikipiki zinaanza kulia huko barabarani. Kesho saa mbili asubuhi nina miadi na mama wa mihogo. Mwenyekiti amekubali tusogeze bikoni moja sentimita themanini, ila lazima nipime kwanza meza yake, jiko lake, na mahali wateja wanaposimama, kwa sababu mara ya kwanza nilipima meza peke yake na bado akacheka. "Kijana, watu wangu unawaweka wapi?"

Ukija likizo niletee asali ya huko, galoni moja. Usiiweke tena kwenye chupa ya soda. Ile ya mara ya mwisho ilivuja, na ramani zangu zote za Saranga mpaka leo zinanata.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
Bikoni