Risala ya Wanafunzi wa Lugha ya Kijapani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Lugha na Utamaduni wa Japani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Umeziona kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, ukutani na umeonja matcha, chai ya kijani ya unga. (Ilikuwa chungu kuliko inavyopaswa, utuwie radhi: maji yalichemka mno. Kwa gramu 2 za unga na mililita 70 za maji, nyuzi 80 zinatosha.) Risala hii inahusu jambo lisiloonekana mezani, nalo ni namna somo linavyofundishwa. Ombi letu kubwa ni kwamba Kijapani kifundishwe kwa Kiswahili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu tunavyotumia vinaeleza Kijapani kwa Kiingereza. Vinahangaika kumfundisha msomaji kutamka a, i, u, e, o, irabu ambazo sisi tumezaliwa nazo. Hata ile n inayojitegemea mwishoni mwa hon, yaani kitabu, haimsumbui mtu anayetamka "nchi" kila siku. Ila shimo letu wenyewe hayupo wa kutuonyesha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Kijapani hakina kanuni hiyo, na irabu ikivutwa maana inabadilika. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Biru ni jengo, biiru ni bia. Mwanafunzi akivuta bi kwa mazoea ya nyumbani, atasema ofisi yake imo ndani ya bia.

Dawa yake ni makofi, kofi moja kwa kila pigo la sauti. O-ba-sa-n ni makofi manne, o-ba-a-sa-n matano. Kite, "njoo", ni mawili. Kitte, "stempu", ni matatu, na la katikati hupigwa mdomo ukiwa kimya. Dakika 10 mwanzoni mwa kipindi zinatosha, lakini hakuna kitabu chetu kinachozitenga, kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili ya ulimi wetu.

Ndivyo ilivyo pia kwenye kuhesabu. Mgeni huona ajabu kwamba penseli tatu ni sanbon, karatasi tatu ni sanmai na paka watatu ni sanbiki. Mswahili anayesema "vitabu vitatu, miti mitatu, watu watatu" ameshazoea namba inayofuata kitu kinachohesabiwa. Abaki tu kukariri mabadiliko ya sauti: ippon, nihon, sanbon. Na lugha ya heshima je? Kula kwa mkubwa ni meshiagaru, kwa anayejishusha ni itadaku. Anayetumia meshiagaru kwa nafsi yake ni kama mtoto anayemsalimu babu yake kwa "marahaba". Mfano huo mmoja unamaliza maelezo ya kurasa mbili.

Kanji hazina njia ya mkato. Mtoto wa Japani hujifunza 80 darasa la kwanza na kufikisha 1,026 amalizapo la sita. Orodha ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Kinachotuangusha ni kukariri umbo zima kama picha. Tazama 待, kusubiri, na 持, kushika: zote zina mistari tisa na upande wa kulia ni uleule. Tofauti ni kipande cha kushoto, kimoja cha mwendo, kingine cha mkono. Anayejua vipande hakosei, na anayekariri picha huzichanganya hata mwaka wa tatu.

Hapo ndipo kalamu ya brashi inapohitajika. Mstari wa kanji huishia kwa namna tatu: kusimama, kuruka au kufagia. Brashi za rangi za shuleni hazishiki wino wa kutosha na ncha yake hairudi, hivyo miisho yote inafanana. Hata brashi halisi isipooshwa hadi kwenye shina, wino hukauka ndani na nywele hupasuka pande mbili. Tulizonazo nyingi zimefikia hapo.

Kuhusu JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima uwezo wa Kijapani, tutasema machache. Una ngazi tano, N5 hadi N1, na hauna sehemu ya kuzungumza wala insha. Ngazi ya N4 inahitaji alama 90 kati ya 180, lakini anayepata chini ya 19 kati ya 60 za kusikiliza ameanguka, hata jumla yake ikiwa nzuri. Sauti hupigwa mara moja tu, ukumbini. Sisi tunajifunzia kwenye simu, sikioni, tukirudia tupendavyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wa Kiswahili, na wanaelezewa sarufi yetu kwa Kijapani, lugha yao. Nasi tunaomba tuelezewe yao kwa yetu. Tunaomba msaada wa kuchapa kijitabu cha matamshi, vihesabio (maneno ya kuhesabia kama sanbon na sanmai) na lugha ya heshima, ambacho rasimu yake wahadhiri wameshaanza kuipitia. Spika moja kubwa kwa mazoezi ya kusikiliza. Na brashi 12 za kanji pamoja na wino wa chupa, kwani wa kusugua jiweni unakula robo ya kipindi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Kijapani