Barua kwa Mwanangu, Kabla Hajavuka Sirari

Mabatini, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Nimeamua kuandika kwa sababu kila tunapozungumza kwa simu kuhusu hiyo kazi ya ualimu uliyoipata Nairobi tunaishia kwenye ubishi, wewe ukisema nimekwisha kulisema hilo, mimi nikisema sijalimaliza. Barua haikatizwi. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi aifikishe kwa shangazi yako hapo Musoma pamoja na kifurushi cha dagaa, nami nakuomba uisome yote kabla hujaiweka chini.

Jumamosi nilikwenda Mwaloni, Kirumba, nikamkuta yule mama anayepeleka dagaa Sirari, mpakani na Kenya. Alinieleza habari za kijana wa jirani yake aliyevuka kwenda kufundisha katika shule ya mtu binafsi. Siku alipofika aliambiwa akabidhi pasipoti na vyeti vyake halisi ili vihifadhiwe ofisini. Mshahara wa mwezi wa kwanza aliupata, wa pili akapewa nusu, wa tatu akaambiwa asubiri ada za wazazi, na alipotaka kuondoka hakuwa na cha kuondokea. Amerudi kwa hati ya dharura, na vyeti vya miaka 16 ya masomo vimebaki kabatini kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo nasema tena. Pasipoti yako na vyeti vyako halisi visilale mikononi mwa mtu yeyote, awe mwajiri, awe wakala, awe huyo rafiki yako wa Kisumu ambaye mimi simjui na ambaye huenda ni mtu mwema kabisa. Anayetaka kuviona avione wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Anayetaka vya kubaki navyo umpe nakala zenye muhuri wa wakili. Mkataba wa soko la pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, unamruhusu Mtanzania kufanya kazi Kenya, lakini haukufuta kibali cha kazi. Na ukikaa bila kibali, mwajiri atajua kwamba huwezi kwenda kumshtaki popote.

Sikuzuii kwenda. Ningependa tu kuambiwa kabla hujakata tiketi, si baada ya kukata, maana hata mgeni huaga. Najua umeomba ajira serikalini kwa miaka minne, ukaitwa kwenye usaili ukakuta watu wamejaa uwanja mzima kwa nafasi za kuhesabu kwa vidole. Mama yako alisema uendelee na tuisheni za watoto wa mtaani, na mimi nikamuunga mkono, jambo ambalo lilikuwa rahisi kwangu kwa kuwa si mimi niliyekuwa nikilipwa kwa vibaba.

Usidanganyike na hesabu, hata hivyo. Shilingi moja ya kwao ni karibu 20 za kwetu, na mshahara uliotajiwa unaonekana mkubwa kwa sababu unauhesabia Mabatini, ilhali utaulia Nairobi, ambako nyumba, nauli na unga vinalipwa kwa shilingi hizo hizo. Vijana wao nao wamesoma na hawana kazi. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia mpaka ndani ya Bunge kwa hasira ya kodi, na baadhi yao walipigwa risasi wakafa. Jirani akiwa na nyumba kubwa haina maana kwamba watoto wake wote wamekula.

Sisi nasi Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini tarehe 1 Julai 2020, miaka kadhaa baada ya wao. Siku ile nilisikia redioni nikiwa nasubiri mapanki yakaangwe. Umekulia hapa, huhitaji kuelezwa: minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa inabaki kwetu tuitie ndimu na pilipili. Pamba yetu nayo imekuwa ikiondoka ikiwa marobota, irudi ikiwa nguo, na nyingine irudi ikiwa mitumba. Nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa, kwa hiyo hili silisemi kwa kusoma magazetini. Sasa naona zamu ni ya walimu. Serikali imesaidia kukusomesha kwa mkopo, sisi tumeuza ng'ombe, na anayekwenda kuvuna ni mwenye shule wa upande wa pili. Nimelifikiria hilo usiku kucha na sijapata wa kumlaumu. Wewe huwezi kuwa huyo.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983, na sisi tuliokuwa vijana tulifundishwa kuwaita Wakenya manyang'au, tukaona raha kuwaita hivyo huku sabuni imeadimika madukani. Utakutana na wazee wanaokumbuka walivyotucheka kwa hilo. Halafu Julai 2025 ilipotoka amri ya kuwakataza wasio raia biashara 15, kama kutengeneza simu, saluni na uwakala wa fedha za simu, Wakenya walilalamika sana, nami nilikuwa kinyozini nikasema kwa sauti kubwa kwamba ni sawa, kila mtu abaki kwao. Watu waliniitikia. Wiki tatu baadaye ukaniambia umepata kazi Nairobi. Akikutokea mtu akakuambia urudi kwenu, usimjibu kwa ukali, huenda naye ana binti.

Kuhusu kazi yenyewe sina wasiwasi. Kiswahili chako ni mali, na ndicho wanachokutafutia. Lakini usiwacheke wanafunzi wao wakichanganya ngeli, na Kiingereza chako kikichekwa, vumilia na usome. Kula vizuri. Usikopeshe mtu mwezi wa kwanza. Kadi ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti, na pasipoti, mama, iweke kwenye ule mfuko wa kitambaa alioushona mama yako, uuvae ndani ya nguo mpaka ufike. Tumeilipia shilingi 150,000, lakini si bei inayonisumbua.

Unajua kinachonisumbua. Habari ya hati ya kiwanja cha Buswelu sitaieleza hapa. Mama yako anaijua, nawe unaijua zaidi ya ninavyodhani. Nitasema tu kwamba yule bwana naye alikuwa mtu wa maneno mazuri, alinikaribisha soda, na aliniambia hati itakaa kwake wiki mbili tu kwa ajili ya usalama. Ulikuwa kidato cha pili. Ule muhula uliokaa nyumbani haukutokana na ugonjwa wangu, kama nilivyowaambia walimu wako.

Huku tunaendelea. Umeme wa LUKU unakwisha upesi tangu mdogo wako ajifunze kupiga pasi kila asubuhi, ati wa kidato cha nne hawezi kuvaa shati lenye mikunjo. Presha ya mama yako imeshuka, lakini anasahau dawa za jioni, kwa hiyo ukipiga simu piga baada ya saa moja usiku umkumbushe. Akiambiwa na wewe hanuni. Mvua ya juzi imesogeza jiwe dogo nyuma ya choo, fundi anataka kulipasua na bei yake ni ya matusi, nimemwambia asubiri. Nakala za vyeti vyako nimezitoa tatu tatu na wakili amezigonga mihuri. Seti moja nimeiweka humu kwenye bahasha, mbili ziko kwenye sanduku langu. Zihesabu mbele ya shangazi yako.

Mama yako anauliza kama utasafiri na lile blanketi la kijivu, kwa sababu anasikia Nairobi kuna baridi, na mdogo wako amekwisha kuanza kulilalia. Kama unalitaka, utume ujumbe kabla ya Alhamisi ili nilikabidhi kwa kondakta yule yule.

Ni mimi,
Baba yako