Mwenye chatu apewe mahali pa kumsalimisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililotufika sisi wakazi wa Chumbageni, hapa Tanga, wakati wa masika yaliyopita, nalo ni ufugaji wa chatu majumbani.

Mtaani kwetu palikuwa na kijana aliyefuga chatu ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa kwa wavu wa kuku, na juu ya wavu akaweka tofali. Alimpata akiwa mdogo wa kuzungushwa kwenye kiganja, na kwa miaka mitatu majirani tulimchukulia kama kioja tu. Watoto wakitoka madrasa walipitia kumtazama. Usiku mmoja wa mvua chatu akatoka. Kijana hakumwambia mtu. Habari tulizipata siku ya tisa, mama mmoja alipofungua banda lake alfajiri akamkuta amejiviringisha pembeni, tumbo limevimba, na kuku wawili hawaonekani. Aliuawa kwa mapanga kabla hata bwana nyama hajaitwa, na nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele auawe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu siku hiyo hata kenge akivuka njia mtaani kwetu hupigwa mawe.

Kilichoniudhi zaidi si kutoroka kwa yule chatu, bali zile siku tisa za kimya. Nilipomuuliza kijana kwa nini hakututahadharisha, ilhali nyumba ya tatu kutoka kwake ina mtoto anayetambaa, alijibu kwamba aliogopa kushtakiwa. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwa sababu chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 mnyamapori ni mali ya umma na hakamatwi wala hamilikiwi bila kibali. Akaongeza kwamba kama angemwona mapema angempeleka usiku kwenye mashamba ya mkonge, akajitafutie panya huko. Alilisema hilo kama tendo la huruma, na wazee wawili waliokuwa barazani wakamuunga mkono, kwani chatu, walisema, ni nyoka wa kwetu.

Ni kweli ni wa kwetu, lakini chatu aliyelishwa kuku kwa mkono wa mtu kwa miaka mitatu huzoea kuhusisha harufu ya binadamu na chakula, na maradhi au utitiri alioupata sandukuni huenda nao kwa wenzake wa porini. Isitoshe, anayeona ni sawa kumwachia chatu wa hapa hatasita kumwachia wa ng'ambo. Katika jimbo la Florida, Marekani, chatu wa Burma walinunuliwa kama wanyama wa kufuga, wakawashinda wenyewe, wakatupwa vichakani. Wengine inasadikiwa walitoroka tufani Andrew ilipobomoa nyumba za wafugaji mwaka 1992. Kufikia mwaka 2000 ilithibitika kwamba wanazaliana katika bonde la Everglades. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa rakuni, mnyama mdogo aliyekuwa akionekana huko mara kwa mara, alikuwa amepungua kwa zaidi ya asilimia 99 katika hesabu zinazofanywa barabarani usiku. Mwaka huohuo Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini chatu wa Burma pamoja na aina mbili za chatu wa Afrika, lakini hadi leo haijaweza kuwamaliza waliokwisha kuenea. Bonde hilo lina joto, maji na mikoko, kama pwani yetu. Nasi tunao kunguru weusi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka. Anayefuga vifaranga Tanga hahitaji kuelezwa waliishia wapi.

Kuhusu matunzo, wengi huanza bila kupiga hesabu. Chatu wetu hutoka kwenye yai akiwa na nusu mita hivi, akilishwa vizuri huweza kupita mita tatu ndani ya miaka michache, na anaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Kijana anayemchukua leo ataoa, atapata watoto na kuhama nyumba za kupanga mara kadhaa, naye chatu bado yupo. Tofali halimzuii, kwa kuwa usiku huzunguka akisukuma kila pembe kwa pua, na nguvu alizonazo ni za msuli mtupu. Anahitaji sanduku la kufuli, ndani ya chumba chenye mlango wake kisicho na tundu juu ya ukuta, na akishakuwa mkubwa asishikwe na mtu mmoja peke yake. Mwaka 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika aliyekuwa akifugwa ghorofani alitoka kupitia njia ya hewa na kuwaua watoto wawili waliokuwa wamelala, mmoja wa miaka minne na mwingine sita.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori na kwa Halmashauri ya Jiji ni kwamba utangazwe muda maalumu ambao mwenye chatu asiye na kibali ataruhusiwa kumsalimisha bila kushtakiwa, kama Florida wanavyofanya kwa wanyama wa kigeni, na baada ya hapo sheria ichukue mkondo wake. Anayetoa taarifa siku ileile chatu wake anapotoroka asitendewe sawa na anayeficha. Namba ya simu ya bwana nyama ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwa maana siku ile ya mapanga hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo.

Barabara ya pili kutoka kwangu yupo mwingine mwenye chatu wawili, ambaye ameniambia mwenyewe kwamba wamemchosha na yuko tayari kuwatoa. Niliuliza katika ofisi moja nimwelekeze awapeleke wapi. Niliambiwa nirudi wiki ijayo, na wiki hiyo imekwisha kupita.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga