Watoto waisikie saksafoni ikipigwa mbele yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri maofisa elimu na utamaduni wa Mtwara wawaalike wapiga saksafoni wa bendi za dansi waje kupiga katika shule za msingi, si jukwaani kwa mbali, bali uwanjani, watoto wakiwa wamewazunguka, wakiuliza na kuitikia.

Mtoto wa Mikindani aliyekulia kwenye ngoma ya sindimba hahitaji kufundishwa mapigo. Anachokosa ni kuona kipande chembamba cha tete kikilowanishwa mdomoni, kikafungwa kwenye ala, kisha kikatetemeka na kutoa sauti. Hapo ataelewa kwa nini chombo hicho, alichokibuni Adolphe Sax wa Ubelgiji na kukisajili Paris mwaka 1846, huhesabiwa katika kundi la filimbi na zumari ingawa mwili wake ni wa madini.

Mpigaji apige kifungu kifupi, watoto wamjibu kwa makofi au kwa ngoma zao wenyewe. Hotuba za wageni rasmi, ambazo mara nyingi humeza nusu ya shughuli, zifupishwe. Kwa ajili ya usafi si lazima kila mtoto apulize, lakini vitufe aruhusiwe kuvibonyeza.

Mpenzi wa muziki wa dansi,
Shangani, Mtwara