Kabureta iwe ya mwisho kulaumiwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenye pikapu na malori madogo ya petroli, yale ya zamani yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), ambayo bado yanasomba korosho kutoka vijijini. Oktoba ikifika, jua kali na mzigo mkubwa, malalamiko ni yale yale: tambarare gari linakwenda vizuri, likianza kupanda Newala linakohoa, linazima. Likipumzika dakika kumi linawaka kama halikuwa na ugonjwa. Mwenye gari anaambiwa kabureta imekufa, anunue nyingine. Mara nyingi kabureta haina kosa.

Gari likizima mlimani, usingoje lipoe. Zima swichi, fungua eya klina (chujio la hewa), chungulia koo la kabureta huku ukivuta akseleta kwa mkono. Petroli ikiruka kama mate ya swila, bakuli la kabureta, linalotunza petroli, lina mafuta. Kamtafute mchawi kwenye koili na pointi, vifaa vya kutoa cheche. Pakiwa pakavu, mafuta hayafiki. (Kijaribuni kipimo hiki kabla ya safari, gari likiwa halina ugonjwa, maana pampu ndogo ya akseleta, ndiyo inayorusha petroli hiyo, ikichakaa kipimo kitawadanganya.)

Mafuta yasipofika, anzeni nyuma. Legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na gari likapona, tundu la kupumulia limeziba. Tangi lililofungwa kwa nailoni na mpira wa baiskeli, kama tunavyoyaona mengi, lina ugonjwa huo huo. Kifuniko kikiwa salama, shuku kutu: inavutwa hadi kwenye chujio la ndani ya tangi, injini ikizima inadondoka chini, ndiyo maana gari linawaka tena. Chomoa paipu ya tangi kwenye pampu ya petroli, funua tangi, pulizeni kurudi nyuma kwa pampu ya baiskeli. Mbubujiko ukianza kwa shida, tangi lishuke lioshwe. Petroli ya madumu nayo iwekeni kwanza kwenye chupa nyeupe, muiache itulie. Maji yatakaa chini, mtayaona.

Mpira kati ya tangi na pampu ndio unaowashinda mafundi wengi. Upande huo pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo ufa hauvuji petroli, unaingiza hewa. Utapapasa mpira mkavu kabisa na kuuacha, kumbe ndiye mwizi. Ukunje kwa vidole karibu na klipu: nyufa zikifunguka, utupe. Weka mpira wa petroli, si wa kumwagilia bustani.

Sasa pampu yenyewe. Chomoa waya mkubwa wa koili, uuegemeze kwenye bodi ya gari mbali na petroli, elekeza paipu ya kwenda kabureta kwenye chupa, mwenzako apige sitata kwa vipindi vifupi. Mafuta yatoke kwa mapigo yenye nguvu. Injini inaponguruma kawaida, pampu isiyo na kasoro hutoa nusu lita ndani ya dakika moja bila taabu; kwa sitata usitegemee kiasi hicho. Yakichuruzika tu, na upande wa kuvuta ni safi, badilisha pampu. Chomoa pia stiki ya oili uinuse: oili ikinuka petroli na kimo kimepanda, daiyaframu ya pampu (utando wake wa ndani) inaweza kuwa imepasuka, na kuendelea kuendesha ni kuua beringi. Kazi hii ifanyike injini ikiwa imepoa, sigara mbali, mchanga karibu.

Joto lenyewe pia huzima gari, petroli inageuka mvuke ndani ya paipu. Mwagia pampu maji kwa kitambaa. Likiwaka papo hapo, sogeza paipu mbali na egzosi.

Yote hayo yakiwa sawa ndipo kabureta ifunguliwe, na hapo tunawasihi mafundi wenzetu: jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, haizibuliwi kwa waya. Tundu lake limepimwa. Ukilikwangua linapanuka, moshi unakuwa mweusi, na mwenye gari anaanza kununua petroli ya ziada asijue inakokwenda. Tumieni dawa ya kusafishia na upepo tu.

Mafundi wa gereji,
Masasi, Mtwara.