Kidonge cha usiku hakimkuti samaki wa mchana

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka kumi na moja bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa ya ukurasa wa afya kuhusu samaki na antioksidanti, zile kinga za kuzuia oksijeni isiharibu mafuta, kama vitamini E, imenishinda kunyamazia.

Mwandishi wako alisema antioksidanti hupunguza madhara ya mafuta ya samaki yaliyooksidika, yaani yaliyoharibiwa na oksijeni. Kweli. Ila hakusema zinafanyia kazi wapi, wala saa ngapi. Shemeji yangu aliikata taarifa hiyo akaibandika mlangoni mwa jiko. Sasa anakaanga samaki kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, anakula mchana, kisha akienda kulala anameza kidonge cha vitamini E. Nilipomuuliza, alinijibu, "Shemeji, gazeti limesema."

Tumbo si mfuko wa kuhifadhia chakula, Mhariri! Mle ndani mna asidi, mna oksijeni iliyomezwa pamoja na tonge, mna chuma kutoka nyama nyeusi ya samaki, na mna DHA, mafuta ya omega-3 ya samaki, yenye vifungo maradufu sita ambavyo oksijeni huvivamia upesi. Kwa hiyo mafuta yaliyoanza kuharibika kikaangoni huendelea kuharibika tumboni, na malondialdehaidi, sumu inayotokana nayo, hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kung'ang'ania LDL, ile kolesteroli mnayotutishia kila wiki. Mwaka 2008 mtafiti Joseph Kanner na wenzake waliwapa watu nyama ya bata mzinga pamoja na polifenoli, yaani antioksidanti za mimea, za divai nyekundu, na malondialdehaidi karibu isipande kabisa katika damu yao. Pamoja! Katika mlo uleule! Na bata mzinga mafuta yake hayaharibiki upesi kama ya samaki. Sasa kidonge cha saa nne usiku kitamkuta wapi samaki wa saa saba mchana?

Na hizo kapsuli za mafuta ya samaki mnazozitangaza ukurasa wa pili, kwenye chupa angavu inayopigwa na mwanga mchana kutwa? Ganda lake huficha harufu, mtu akameza uozo akidhani ni dawa. Mwandishi wako na aitafune moja, aiweke chini ya ulimi dakika nzima, ndipo ashike kalamu.

Marekebisho ninayodai ni maneno matano tu: pamoja na mlo, si baadaye. Yachapwe kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari, maana shemeji hasomi maandishi madogo.

Msomaji wako, kwa sasa